Maisha ya Wangari Maathai: Azimio la Mataifa na Mche wa Kijijini

Mtu akisimama Namakwekwe, mjini Mbale, na kuinua macho upande wa mashariki, huuona ukuta wa Wanale na maporomoko yake ya maji. Nyuma ya Wanale uko mlima Masaba, ambao ramani huuita Elgon. Mlima huo ndio unaotulisha, na mlima huo huo ndio unaotuua. Tarehe 1 Machi, 2010, udongo uliporomoka Nametsi, wilayani Bududa, ukafunika maduka, zahanati na watu zaidi ya 100. Askari wa jeshi letu walipelekwa huko, wakachimba kwa majembe na kwa mikono, maana mitambo haikuweza kufika. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Julai, 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika ikaingia mjini Mbale, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha.

Kila baada ya msiba wa namna hiyo husemwa kwamba miti imekwisha. Neno hilo ni la kweli. Lakini ni mara chache tunapouliza ni nani anayepanda mlimani alfajiri kutafuta kuni, ni nani anayelima mteremko ule, na kama huyo mwenye kulima ana sauti yoyote juu ya ardhi anayoilima. Mtu aliyeyaunganisha maswali hayo, la mti na la mwanamke, akayafikisha mbele ya mataifa, alikuwa jirani yetu wa Kenya, marehemu Profesa Wangari Maathai. Ni vema tuyakumbuke maisha yake, kwani wako miongoni mwetu wasemao kwamba haki za wanawake ni kitu cha kigeni, kilichotungwa katika mikutano ya New York na Geneva kisha kikaletwa kwetu kwa ndege. Maisha ya mama huyu yanatuonyesha jinsi jambo hilo lilivyokuwa hasa.

SWALI LA KAKA

Wangari Muta alizaliwa tarehe 1 Aprili, 1940, katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, kwenye miteremko ya milima ya Aberdare. Alikuwa mtoto wa tatu wa mama yake, na binti wa kwanza. Baba yake alifanya kazi katika shamba la mzungu karibu na Nakuru, na huko ndiko Wangari alikokaa utotoni mpaka mwaka 1947, aliporudi Ihithe pamoja na mama yake. Karibu na nyumba yao palikuwa na mti mkubwa wa mugumo, jamii ya mkuyu, na chini yake chemchemi ya maji safi. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mti ule, kwa sababu ulihesabiwa kuwa ni mti wa Mungu. Miaka mingi baadaye, alipokuwa mwanasayansi, Wangari alitambua kwamba mizizi ya mugumo ndiyo iliyoshika udongo na kulinda chemchemi. Aliporudi kuutazama, alikuta mti umekatwa na chemchemi imekauka.

Katika siku zile binti wa kijijini hakutegemewa kwenda shule. Aliyelifungua jambo hilo alikuwa kaka yake, Nderitu, ambaye siku moja alimwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama alifikiri, akaona hana jibu, akampeleka. Msichana huyo alikuwa na umri wa miaka 8 hivi. Katika miaka hiyohiyo Umoja wa Mataifa ulikuwa ndiyo kwanza umeunda Tume ya Hali ya Wanawake, mwaka 1946, na ulikuwa ukipitisha Azimio la Haki za Binadamu, mwaka 1948. Hapana shaka katika Ihithe hapakuwa na aliyeyasikia hayo. Lakini swali la mtoto yule wa kiume na neno la mataifa yalikuwa yanaelekea upande mmoja, ingawa hayakuwa yamekutana bado.

Wangari alisoma Ihithe, kisha shule ya Misheni ya Mathari huko Nyeri, kisha Loreto Limuru, alikomaliza mwaka 1959. Mwaka 1960 alikuwa mmoja wa vijana wapatao 300 waliopelekwa Marekani kwa mpango ulioendeshwa na Tom Mboya na kusaidiwa na jamaa ya Kennedy. Alipata shahada ya biolojia huko Atchison, Kansas, mwaka 1964, na shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 1966.

PROFESA ASIYE NA NYUMBA

Aliporudi Nairobi mwaka 1966 alikuwa na barua ya kazi mkononi, lakini alipofika aliambiwa kwamba nafasi amekwisha kupewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe aliamini kuwa alinyimwa kwa sababu ya kabila lake na kwa sababu ni mwanamke. Alipokelewa na profesa wa Kijerumani katika idara ya elimu ya viungo vya wanyama, akasoma kwa muda Ujerumani, na mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Nairobi kikampa shahada ya udaktari. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kuipata shahada hiyo. Mwaka 1976 alikuwa mkuu wa idara.

Pamoja na cheo hicho, masharti ya kazi hayakuwa sawa. Mwanamume aliyefundisha chuoni alipewa nyumba na haki nyingine kwa ajili yake na jamaa yake. Mwanamke mwenye mume hakupewa, kwa hoja kwamba mume wake ndiye wa kumtunza. Wangari na rafiki yake Vertistine Mbaya walilikataa jambo hilo. Walidai masharti yaleyale kwa kazi ileile, na hatimaye wao wawili wakapewa. Wenzao wengi wa kike, ambao waume zao hawakupenda ugomvi huo, walinyamaza wakabaki kama walivyokuwa. Hapo Wangari alijifunza jambo ambalo lilimfaa baadaye: haki ikipatikana kwa watu wawili tu haijawa haki, ni upendeleo.

NENO LA MEXICO

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1975 kuwa Mwaka wa Wanawake Duniani, na katika Juni na Julai mwaka huo mataifa 133 yalikutana katika mji wa Mexico. Kutoka mkutano huo ndipo ulipotangazwa Muongo wa Wanawake, 1976 hadi 1985, uliokuwa na shabaha tatu: usawa, maendeleo na amani. Nchi mbalimbali zilitakiwa kujiandaa, na huko Kenya kazi hiyo iliangukia Baraza la Kitaifa la Wanawake, ambalo Wangari alikuwa ndani yake.

Basi katika maandalizi hayo yalisemwa maneno ambayo wakubwa wa mjini hawakuyatazamia. Wanawake waliosoma walizungumza juu ya vyeo na mishahara. Wale waliotoka vijijini walisema kwamba hawana kuni, hawana maji safi, hawana chakula cha kutosha kuwalisha watoto vizuri, na hawana fedha. Wangari aliyasikia hayo akashtuka, kwa kuwa alikuwa ameyaona kwa macho yake. Katika utafiti wake juu ya kupe waletao ugonjwa wa ndigana kwa ng'ombe alikuwa akizunguka vijijini, akaona mifugo imekonda, mito imegeuka rangi ya udongo, na mashamba ya chai na kahawa yamechukua mahali pa misitu ya asili. Akaona kwamba mambo yale manne waliyoyataja akina mama yalikuwa na shina moja, nalo ni kukatwa kwa miti. Akafikiri: kwa nini basi wasipande?

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye jibu la wale wasemao kwamba haki za wanawake zimeshuka kutoka juu. Mkutano wa Mexico haukumwambia mwanamke wa Nyeri kwamba hana kuni. Alilijua hilo kila asubuhi. Kazi ya mkutano ilikuwa kumfanya mtu amwulize, na kumfanya mwenye elimu akae kimya asikilize jibu.

MITI SABA

Mwanzo wake haukuwa mzuri. Wangari alianzisha kampuni ndogo ya kupanda miti, ili wasio na kazi wapate ujira. Kampuni ilikosa fedha na maji, na karibu miche yote ikafa kitaluni. Mwaka 1977 Baraza la Wanawake lilikubali kuuchukua mpango wake, likauita Harambee ya Kuokoa Ardhi. Tarehe 5 Juni, 1977, siku ya mazingira duniani, watu waliandamana mpaka Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti saba kwa kumbukumbu ya mashujaa saba wa makabila mbalimbali. Mmoja wao alikuwa Nabongo Mumia wa Wanga, ambaye wazee wa upande wetu huu wa Masaba wanalijua jina lake. Miti miwili kati ya saba ndiyo iliyoishi.

Mpango ukakua taratibu, nao baadaye ukajulikana duniani kote kwa jina la Green Belt Movement, yaani Harakati ya Ukanda wa Kijani, kwa kuwa miche ilipandwa kwa safu ndefu za miti 1,000 au zaidi. Maofisa wa misitu walipoombwa kuwafundisha akina mama walisema kazi hiyo inataka wenye diploma. Wangari aliwaambia wanawake watumie akili waliyo nayo, ile inayowawezesha kupanda mahindi na maharagwe. Wakakusanya mbegu za miti ya kwao, wakaziotesha katika makopo na vyungu vilivyovunjika, wakafundishana.

Mwaka 1981 ndipo ulipokuja msaada mkubwa. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeunda Mfuko wa Hiari wa Muongo wa Wanawake, chini ya uongozi wa Bibi Margaret Snyder, Mmarekani aliyeijua Afrika Mashariki vizuri na ambaye baadaye aliandika kitabu juu ya wanawake wa Uganda wafanyao biashara. Mfuko huo uliipa harakati dola 122,700. Chama cha misitu cha Norway kikaongeza chake. Fedha hizo hazikujenga jumba wala kununua magari ya fahari. Zililipa vijana wa kusimamia vitalu, na zililipa akina mama wenyewe, senti chache kwa kila mche.

Lakini zilitolewa kwa sharti. Mama hakulipwa kwa mche alioupanda, alilipwa kwa mche ulioshika mizizi ukaishi. Kikundi kilihesabu miche yake, kikatoa taarifa, msimamizi akaja kuthibitisha miezi kadhaa baadaye, ndipo fedha ikatoka. Kwa wengi wao hiyo ilikuwa fedha ya kwanza waliyoipata kwa jina lao, isiyopita mkononi mwa mume. Mfuko ule baadaye ulibadilishwa jina ukawa UNIFEM, na mwaka 2010 uliunganishwa na vyombo vingine kuwa shirika la Umoja wa Mataifa la wanawake.

GHARAMA YA NYUMBANI

Ingekuwa rahisi kuyasimulia maisha haya kama safari ya ushindi tu, lakini haikuwa hivyo. Mumewe, Mwangi Mathai, aliyekuwa mbunge, alimwacha mwaka 1977, na mwaka 1979 kesi ya talaka ikasikilizwa hadharani. Wangari alishindwa. Alipomlaumu hakimu gazetini alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama, akakaa gerezani siku tatu. Mume wake alipomtaka aliache jina lake, alichukua herufi moja akaiongeza, Mathai likawa Maathai, na hilo ndilo jina ambalo dunia ililijua.

Mwaka 1980 alichaguliwa mwenyekiti wa Baraza la Wanawake, na kwa sababu ya siasa chama kikubwa cha Maendeleo ya Wanawake kikajitoa, kikaondoka na sehemu kubwa ya fedha. Mwaka 1982 alijiuzulu chuoni ili agombee ubunge, akaambiwa kwamba hakujiandikisha ipasavyo, akakosa ubunge na kazi na nyumba pamoja. Hapo ndipo alipoishika Harakati ya Ukanda wa Kijani kuwa kazi yake ya kila siku.

JULAI YA NAIROBI NA JULAI YETU

Muongo wa Wanawake ulifungwa Nairobi, kuanzia tarehe 15 hadi 26 Julai, 1985. Wajumbe wa nchi 157 walikutana, na maelfu ya wanawake wasio wajumbe wakakusanyika Chuo Kikuu. Wageni walipelekwa kuona vitalu, na waliyoyasoma katika taarifa wakayaona ardhini. Mwaka uliofuata Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilisaidia kuwafundisha watu wa nchi nyingine za Afrika, na Uganda ikiwamo, kazi hiyo ya akina mama wa Kenya.

Katika siku hizohizo za mkutano, tarehe 22 Julai, 1985, Uganda iliuridhia Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi Dhidi ya Wanawake, ambao Umoja wa Mataifa uliupitisha mwaka 1979. Kenya ilikuwa imeuridhia mwaka 1984. Siku tano baadaye, tarehe 27 Julai, serikali ya Kampala ilipinduliwa na wanajeshi. Mwenye kulikumbuka jambo hili atafahamu kwa nini sahihi peke yake haitoshi. Mkataba ulikuwa halali, nchi ilikuwa vitani, na mwanamke wa kijijini hakuwa na wa kumwuliza juu ya kuni wala juu ya haki. Ilichukua miaka mpaka ikaundwa wizara ya wanawake, mwaka 1988, na mpaka Katiba ya 1995 ikaandika katika kifungu cha 33 kwamba mwanamke ana heshima sawa na mwanamume.

BUSTANI NA AKINA MAMA

Mwaka 1989 Wangari aligundua kwamba jumba la orofa 60 lilikusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Aliandika barua kwa ofisi za serikali, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa na kwa ubalozi wa Uingereza. Bungeni alitukanwa, akaitwa kibaraka wa wageni, akakumbushwa kwamba mwanamke wa Kiafrika huwaheshimu wanaume. Harakati yake ilifukuzwa ofisini ikahamia nyumbani kwake. Lakini wenye fedha waliogopa, na jumba halikujengwa.

Tarehe 28 Februari, 1992, aliketi katika kona ya bustani ileile pamoja na akina mama ambao wana wao walifungwa kwa sababu za siasa. Walikataa kula. Siku chache baadaye polisi walitumwa kuwatawanya kwa marungu na moshi wa machozi, na Wangari akapigwa mpaka akazimia. Baadhi ya akina mama wakavua nguo zao mbele ya polisi. Wazee wa makabila yetu mengi wanajua maana ya mama kuvua nguo mbele ya kijana wa rika la mwanawe. Kwa mtu avaaye sare, habari hii ni nzito kuisoma. Mkataba wa mataifa ulikuwapo siku ile, na Kenya ilikuwa imeuridhia miaka minane kabla, wala haukushika mkono wa yeyote aliyeinua rungu. Kilichowaokoa wafungwa wale ni uvumilivu wa mama zao, waliohamia kanisani wakakaa humo karibu mwaka mzima, huku dunia ikitazama. Hadi mwanzo wa mwaka 1993 karibu wote walikuwa wameachiwa.

HESHIMA NA MWISHO

Baada ya hapo mambo yaligeuka. Mwaka 2002 watu wa Tetu walimchagua kuwa mbunge kwa asilimia 98 ya kura, na mwaka 2003 akawa naibu waziri wa mazingira. Tarehe 8 Oktoba, 2004, ilitangazwa kwamba amepewa Nishani ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Wakati huo Harakati yake ilikuwa imepanda miti zaidi ya milioni 30. Siku ile ile, huko Nyeri, alipiga magoti akapanda mti mwingine. Mwaka 2005 aliongoza baraza la Umoja wa Afrika la mambo ya uchumi, jamii na utamaduni.

Alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba, 2011, akiwa na umri wa miaka 71, kwa ugonjwa wa saratani. Aliagiza asizikwe katika jeneza la mbao. Jeneza lake lilisukwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, yale magugu ambayo watu wa Jinja wanayafahamu kwa jinsi yalivyoziba ziwa na kusumbua bwawa la umeme. Taifa la Kenya lilimwaga kwa heshima zote katika bustani ileile aliyopigwa ndani yake.

Tujifunze nini sisi tukaao chini ya Masaba? Kila askari anajua kwamba amri iliyosomwa gwarideni si kazi iliyofanyika. Maazimio ya Mexico, Nairobi na Beijing ni amri njema, na pasipo fedha na jina la Umoja wa Mataifa huenda kazi ya mama huyu ingeishia kwa miti miwili ya Kamukunji. Lakini pasipo yeye kuwasikiliza wanawake wa kijijini, fedha ile ingeishia ofisini. Kila mwaka tunasoma taarifa za miche iliyogawiwa na semina za haki zilizofanyika katika wilaya zetu. Wangari asingeridhika na hesabu hiyo. Angepanda mpaka Bududa baada ya miezi kadhaa, akahesabu miche iliyoshika mizizi, kisha akamwuliza mama aliyeitunza kama ardhi ile ameandikiwa na yeye, na kama fedha imemfikia mkononi.